Kuiona Bahari Kabla Haijafika: Vielelezo vya Kupanga Pwani ya Bagamoyo

Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Sababu kuu ni mbili: maji yapatapo joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu huyeyuka na kuingia baharini. Kati ya mwaka 2006 na 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka.

Kiasi hicho hakionekani kwa macho katika pwani ya Kunduchi hadi Bagamoyo, ambako wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Hata hivyo, uamuzi wa mahali pa kuchimba kisima, kujenga shule au kuhifadhi mikoko hauwezi kungoja maji yafike mlangoni.

Kielelezo na kazi yake

Wataalamu hupima miinuko ya ardhi, aghalabu kwa picha za ndege zisizo na rubani, na kompyuta huijenga upya mandhari ya mahali hapo. Mtu avaapo miwani ya uhalisia pepe hujiona amesimama ufukoni kwake. Maji yakiongezwa, huona ni njia ipi na nyumba zipi zitakazofikiwa. Kwa njia hiyo tarakimu hugeuka kuwa jambo la kujadiliwa na kijiji kizima.

Kielelezo huhitaji pia ujuzi wa wenyeji. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora pamoja ramani za mitaa inayofurika.

Hesabu na tahadhari

Katika ufuko wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda sentimita 20 ukingo husogea mita 10, hata kabla mchanga haujamomonyoka. Lakini kosa la mita 1 katika kupima mwinuko huuhamisha ukingo huo mita 50. Picha nzuri yaweza basi kudanganya. Hufaa ilinganishwe na kumbukumbu za wavuvi na wazee, tena ionyeshe viwango kadhaa, kwani makadirio ya mwaka 2100 ni kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi.

Jaribio la shuleni

Vifaa: fito mbili zenye alama za sentimita, mpira mwangavu uliojazwa maji, kamba, karai na udongo wa mfinyanzi.

Wanafunzi huanza kwenye alama ya bamvua na kupima mwinuko kila baada ya mita 5 kuelekea bara. Maji ya ncha mbili za mpira hukaa usawa mmoja. Tofauti ya alama kwenye fito ndiyo tofauti ya mwinuko. Kisha hufinyanga ufuko huo karaini, huweka alama za visima na nyumba, na kumimina maji kidogo kidogo.

Maswali

1. Mteremko ukiwa mita 1 kwa mita 80, maji yakipanda sentimita 50 ukingo utasogea mita ngapi?
2. Kwa nini alama ya bamvua hufaa kuliko ya maji mafu?