SOMO KWA MATAWI: MWIZI ANAYEJIITA FUNDI WA KOMPYUTA



Matawi mengi siku hizi huweka orodha ya wanachama, hesabu za ada na barua za madai katika kompyuta. Mali hiyo ni yetu sote. Ikiibiwa, haumii katibu peke yake. Kwa hiyo tujifunze hila moja ya wezi, na namna ya kuikagua mashine iliyokwisha kuguswa.

1. Hila yenyewe

Simu inalia. Msemaji ni mpole. Anasema yeye ni fundi wa Microsoft, na kwamba kompyuta yenu ina virusi. Au kioo cha kompyuta kinajaa onyo lenye king'ora na namba ya simu ya kupiga.

Ili aaminiwe, anakuagiza ufungue daftari la matukio lililomo katika kila kompyuta ya Windows. Humo mna alama nyekundu na za manjano. Tusishtuke: hata mashine nzima huandika kasoro zake ndogo humo. Tapeli huonyesha jambo la kweli, akalieleza kwa uongo.

Kisha anataka uweke programu kama AnyDesk au TeamViewer, na umsomee namba zake. Programu hizo ni halali, na mafundi wa kweli huzitumia. Lakini ukimkubalia mgeni, umemkabidhi ufunguo wa ofisi. Mwisho hudai malipo.

Oktoba 2012, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kesi 6 dhidi ya watu wa namna hii. Walikuwa wakitoza kati ya dola 49 na dola 450 kwa "kuponya" kompyuta zisizo na ugonjwa.

2. Alama za kumtambua

(a) Amekuja bila kuitwa. Microsoft haipigii watu simu bila kuombwa, wala maonyo yake halisi hayana namba ya simu.
(b) Anakuharakisha, na hataki umwulize mwenzako.
(c) Anataka neno la siri, au ufungue akaunti ya benki mbele yake.
(d) Anataka alipwe kwa kadi za zawadi.

Alama moja yatosha. Kata simu.

3. Akiwa ameshaingia

Kwanza, ikate kompyuta na intaneti: chomoa waya au zima Wi-Fi.

Pili, kwa kutumia kompyuta nyingine au simu iliyo salama, badilisha maneno ya siri, ukianza na barua pepe na benki. Iarifu benki mara moja.

Tatu, fungua orodha ya programu zilizowekwa, uipange kwa tarehe. Iliyoingia siku ile, na ambayo tawi halikuiweka, iondoe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame pia programu zinazojiwasha mashine inapoanza.

Nne, fungua Windows Security, uanzishe uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka upya, ikijikagua kabla programu hasidi hazijaamka. Uchunguzi huo huchukua kama dakika 15. Baadaye, ikiwa imerudi kwenye intaneti, sasisha kinga na fanya uchunguzi kamili.

Tano, kama shaka bado ipo, mwiteni fundi mnayemjua, afute yote na kuweka Windows upya. Ndiyo maana nakala ya orodha ya wanachama lazima ihifadhiwe mahali pengine, mbali na mashine hiyo.

Jihadharini na simu ya pili: tapeli hurudi akijifanya anawarudishia fedha.

4. Aliyedanganywa asichekwe

Aibu humpa mwizi muda. Katibu anayeogopa kuchekwa atanyamaza siku tatu, na katika siku hizo akaunti itakwisha. Anayesema saa ile ile ameliokoa tawi.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Nani katika tawi letu ana ruhusa ya kuita fundi?
2. Nakala ya orodha ya wanachama iko wapi, na ilifanywa lini?
3. Kwa nini daftari la matukio lenye alama nyekundu si ushahidi wa virusi?