Baada ya PCB: Je, Naitwa Kuwa Daktari? Tuone, Tuamue, Tutende





Ukisoma PCB kuna swali huwezi kulikwepa. Mjomba analiuliza, katekista analiuliza, hata mama muuza duka analiuliza: "Kwa hiyo utakuwa daktari, eti?" Wengi hujibu ndiyo, kwa sababu ndiyo jibu linalowafurahisha wakubwa. Halafu matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai, dirisha la udahili linafunguliwa, na ghafla lile jibu la kufurahisha watu linatakiwa kujazwa kwenye fomu.

Leo tuongee kuhusu fomu hiyo. Tutatumia njia ambayo wana TYCS wanaifahamu: Ona, Amua, Tenda. Njia hii ina mizizi mirefu. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kutoa hukumu juu ya ulichokipata, na kujiamuru kutenda. Kwake yeye hilo la tatu ndilo kuu. Mtu anaweza kujua mengi na kuamua vizuri, lakini asipotenda, busara yake haijakamilika.

1. ONA: Hiki ninachokiomba ni kitu gani?

Kule Marekani, kwa kawaida kijana husoma kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe kuingia chuo cha udaktari kwa miaka minne mingine. Zipo programu chache zinazounganisha shahada hizo mbili na kumchukua kijana moja kwa moja kutoka sekondari. Kwetu Tanzania, hicho ambacho kwao ni njia ya wachache ndiyo njia ya kawaida: unatoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja kwenye Shahada ya Udaktari wa Tiba, yaani MD. Ni miaka mitano ya chuo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ambao wengi wanauita intanishipu. Jumla miaka sita.

Maana yake nini? Uamuzi ambao mwenzako wa Marekani anaweza kuufanya akiwa na miaka ishirini na mbili, wewe unatakiwa kuufanya ukiwa na kumi na tisa au ishirini. Ndiyo maana usiufanye kwa mazoea.

Vigezo vyenyewe ni hivi. Mwongozo wa TCU unadai ufaulu wa masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D kila somo, na jumla ya pointi zisizopungua 6. Hesabu yake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D tatu zinakupa ruhusa ya kuomba. Kuruhusiwa kuomba na kuchaguliwa ni vitu viwili tofauti, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji wanashindanishwa. Soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, usitegemee wa kaka yako.

Vyuo vipo kadhaa. Kipo MUHAS Dar es Salaam, kipo KCMC Moshi. Sisi Wakatoliki tuna CUHAS pale Bugando, Mwanza, chuo cha Baraza la Maaskofu kilichoanza mwaka 2003 kando ya hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971. Kwa kijana wa Kagera, Bugando si jina geni. Wengi wetu tuna ndugu aliyewahi kupewa rufaa kwenda kule.

Sasa uone na kazi yenyewe. Kabla hujaomba, nenda ukaione kwa macho. Karagwe kuna Hospitali ya Nyakahanga ya ndugu zetu wa KKKT. Kyerwa kuna Hospitali ya Isingiro ya Jimbo letu la Kayanga. Omba kwa heshima kuongea na daktari au muuguzi nusu saa tu. Usianze na mshahara. Muulize: "Usiku wako mgumu unakuwaje? Nini kinakurudisha kazini kesho yake?"

Na tukumbuke kilichotokea mkoani kwetu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera, kwa wenzetu wa upande wa Bukoba. Walihesabiwa wagonjwa 9, wakafariki 6, na miongoni mwa waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Wakati sisi tunaambiwa tusishikane mikono, kuna watu waliokuwa wanavaa mavazi ya kujikinga na kuingia wodini. Koti jeupe linapendeza kwenye picha ya mahafali, lakini kazi yake ni hiyo.

2. AMUA: Nipime kwa mizani gani?

Hapa vijana wengi tunachanganya mambo mawili: wito na nafasi.

Utasikia mtu anasema, "Nikichaguliwa, ni mapenzi ya Mungu. Nisipochaguliwa, Mungu amekataa." Inasikika kama imani, lakini tuichunguze. Idadi ya nafasi inategemea maabara, walimu na vitanda vya hospitali ya kufundishia. Mwaka huu chuo kikiongeza nafasi hamsini, je, Mungu ameita watu hamsini zaidi? Tukisema hivyo tunaifanya kompyuta ya udahili kuwa nabii. Barua ya udahili ni habari muhimu sana, lakini inakwambia mlango upi uko wazi sasa hivi. Haikwambii wewe ni nani mbele za Mungu.

Kuna kosa la upande wa pili pia: "Mimi nina moyo wa huruma, alama si kitu." Hapana. Mgonjwa anastahili daktari anayejua. Mtu akikosea kipimo cha dawa ya mtoto, huruma yake haitamsaidia yule mtoto. Mtakatifu Giuseppe Moscati wa Napoli, aliyezaliwa 1880 na kufariki 1927, alikuwa mlei. Alisifika kwa kutibu maskini bila malipo, na wakati huohuo alikuwa profesa na mtafiti. Kanisa lilimtangaza mtakatifu 1987. Kwake yeye kusoma kwa bidii ilikuwa sehemu ya kumpenda mgonjwa. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na kufundisha kwamba dawa na maarifa ya tiba vinatoka kwa Mungu. Kwa hiyo Baiolojia ya usiku wa manane, ikisomwa kwa nia njema, ni sehemu ya sala yako.

Basi jipime kwa maswali haya matatu, ukiwa mbele ya Ekaristi kama unaweza:

Kwanza, *nani anataka?* Ukiondoa baba, mjomba na majirani, je, hamu inabaki? Kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu, lakini heshima haiwafanyi wao wavae hilo koti kwa niaba yako.

Pili, *naweza?* Si lazima uwe wa kwanza darasani. Lakini kama umeichukia Kemia kwa miaka miwili, jiulize kwa uaminifu kuhusu mitano ijayo.

Tatu, *kwa ajili ya nani?* Kutamani maisha mazuri si dhambi. Lakini kama sababu ni hiyo peke yake, utachoka mapema. Mfikirie mama wa Murongo au Kaisho anayebebwa kwa pikipiki kwenda kujifungua. Je, yumo kwenye sababu zako?

3. TENDA: Sasa nifanye nini?

Mtakatifu Thomas anakubaliana na wahenga wa falsafa kwamba shauri lichukue muda, ila ukishaamua, utekeleze upesi. Kwa hiyo:

*Andaa nyaraka mapema.* Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA kwa ajili ya maombi ya mkopo. Usisubiri wiki ya mwisho, wakati kila mtu yuko kwenye mfumo na mtandao umelala.

*Omba moja kwa moja chuoni.* Tangu 2017 waombaji hawapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU. Kila chuo kina mfumo wake. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kabla ya muda kwisha.

*Barua pepe na namba ya simu viwe vyako.* Wengi wetu tunaombea steshenari, Kayanga au Nkwenda. Hakuna ubaya. Lakini ukimwachia kijana wa steshenari aweke namba yake na nywila yake, ujumbe wa kuthibitisha utaenda kwake, nawe utabaki unashangaa. Tumia pia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne kwenye chuo na kwenye Bodi ya Mikopo.

*Usidanganye kwenye fomu ya mkopo.* Hapa naomba tusikwepane. Kuna anayeshauriwa ajiandike yatima wakati baba yake yupo anapalilia migomba. Mkopo wa Bodi una kiasi chake, na kila anayeingia kwa uongo anamsukuma nje mtoto wa maskini wa kweli. Utaanzaje kazi ya kuokoa maisha kwa kuchukua nafasi ya mtu wa namna hiyo? Kumbuka pia kwamba ni mkopo: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe. Kaa na wazazi mpige hesabu mapema, kabla shamba la kahawa halijauzwa kwa pupa.

*Uwe na njia ya pili yenye heshima.* Stashahada ya Utabibu ni miaka mitatu. Ukihitimu unaweza kufanya kazi kwenye zahanati na vituo vya afya, mahali ambapo wengi wa wazazi wetu hutibiwa kwanza. Na ukiwa na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza, mlango wa MD bado uko wazi kwako. Uuguzi, famasia na maabara nazo ni huduma kwa Kristo yuleyule anayeteseka kitandani.

Ukikosa nafasi mwaka huu, lia kama unataka kulia, kisha urudi hatua ya kwanza uone upya. Ukipata, usijione umefika. Umepewa watu wa kuwahudumia, na wengi wao bado hujawaona.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi

1. Katika familia zetu, nani huwa anaamua kijana asome nini? Je, tunasikilizana?
2. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwombaji asiye na simu janja wala mtu wa kumwelekeza?
3. Nani katika parokia yetu anafanya kazi ya afya? Tumewahi kumwombea kwa jina?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, Tabibu wa roho na miili, tazama vijana wako wanaosubiri matokeo na majibu ya vyuo. Wape shauri jema, hukumu iliyo sawa na ujasiri wa kutenda. Unaowaita kwenye kazi ya uganga, wape akili ya kusoma na moyo wa kuhudumia. Wanaokosa, waoneshe njia nyingine ya kukutumikia kwa furaha. Amina.

Mtakatifu Luka, mwinjili na tabibu, utuombee.
Mtakatifu Giuseppe Moscati, utuombee.