Sumu Iliyolala Barafuni

Akina mama wa Kiinuiti, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, hawakupata kunyunyiza dawa katika mashamba ya pamba, wala hawana viwanda. Hata hivyo, madaktari walipopima maziwa yao huko Nunavik katika miaka ya 1980, walikuta sumu ziitwazo PCB kiasi cha mara tano kuliko katika maziwa ya akina mama wa kusini mwa Quebec. Nao madaktari walikwenda kwao wakidhani ndiko watakakopata maziwa safi ya kulinganishia!

Zilifikaje? PCB ni mafuta yaliyotiwa katika transfoma za umeme, D.D.T. ni dawa ya wadudu ambayo wazee wetu waijua vema. Sumu za namna hii hukaa miaka mingi pasipo kuoza. Penye joto hugeuka mvuke zikachukuliwa na upepo. Penye baridi huanguka pamoja na theluji. Majini huingia katika vijidudu, vijidudu huliwa na samaki, samaki huliwa na sili, na kila alaye huweka katika mafuta ya mwili wake sumu ya wote aliowala. Wa mwisho ni mtoto anyonyaye.

Mwaka 1999, mataifa yalipokutana Nairobi kushauriana juu ya sumu hizo, Bibi Sheila Watt-Cloutier, Mwinuiti, alimkabidhi mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa sanamu ya jiwe ya mama na mtoto. Mapatano yalikubaliwa Stockholm mwaka 2001. D.D.T. iliachwa kwa ajili ya wadudu waenezao magonjwa kama malaria, nasi tuliozika watoto kwa homa hiyo hatuwezi kulaumu.

Tangu hapo nyingi za sumu hizo zimepungua hewani. Lakini theluji ya zamani imekuwa barafu, na katika barafu ya Lomonosovfonna, visiwani Svalbard, wataalamu wamekuta dawa za wadudu zilizoanguka miongo mingi iliyopita. Sasa dunia yazidi kupata joto. Barafu yayeyuka, na kilicholala humo chashuka mitoni. Ni nani basi atakayeungama? Aliyenyunyiza pengine amekwisha kufa, naye alitaka kuokoa pamba yake tu. Lakini joto linaloyeyusha barafu ni la makaa na mafuta yachomwayo hata leo.

Akina mama wa Nunavik walishauriwa waendelee kunyonyesha, kwa kuwa faida ya maziwa yao ilizidi hatari iliyomo.