Friji haiui viini: Tengeneza barafu ya embe iliyo salama

MIEZI ya Desemba hadi Machi ni ya joto jingi. Kaskazi huvuma Pwani, jua huwaka Nairobi, na masokoni maembe hujaa tele. Msomaji, bila shaka umewaona watoto wakitoka shuleni kila mmoja na barafu yake mkononi, midomo imegeuka rangi. Pengine wako ni mmoja wao.

Hakuna ubaya kula barafu. Ubaya ni kwamba wazazi wengi huamini kitu kikishaganda kimekuwa safi. Utamsikia mtu akisema, "Hayo maji yameganda, viini vitaishi vipi?" Imani hiyo imewalaza wengi hospitalini. Juma hili tutaeleza kwa nini si kweli, kisha tukuonyeshe namna ya kujitengenezea barafu ya embe nyumbani.

Viini hulala, havifi

Kinachoua viini vya maradhi ni moto. Baridi huvilaza tu. Hata katika maabara, wataalamu wakitaka kuhifadhi viini kwa muda mrefu huviweka penye baridi kali. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya aina nyingi za kuhara vikiwa ndani ya maji unayogandisha, baadhi yavyo vitakuwa hai barafu itakapoyeyuka mdomoni mwa mtoto.

Jambo hili si dogo. Kenya ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu kati ya 1997 na 1999, na tangu hapo maradhi hayo yamerejea mara kadhaa, ikiwemo 2015 na 2022. Njia yake kuu ni maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wauzaji wengi wa barafu ni watu safi, lakini kwa kutazama tu huwezi kujua maji yalitoka wapi na kama yalichemshwa. Ukitengeneza mwenyewe, utajua.

Vitu unavyohitaji

Kwa watu sita, tafuta:
- Maembe makubwa matatu yaliyoiva vyema. Ngowe, Apple au Kent yanafaa kwa kuwa hayana nyuzi nyingi.
- Ndizi mbivu moja.
- Matunda manne ya pasheni.
- Ndimu moja.
- Nusu kikombe cha maji.
- Vijiko viwili vikubwa vya sukari.

Namna ya kutengeneza

Anza na maji. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu, uyaache hivyo kwa dakika moja kamili. Wanaoishi mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000, kama vile Limuru na Eldoret, wangoje dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Tia sukari ikiwa maji bado ni moto, koroga, funika, uache yapoe. Usiyapoze kwa kuongeza maji ya mfereji, maana utakuwa umeirudia safari mwanzo.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda yote kwa maji safi kabla ya kuyamenya, hata kama ganda utalitupa. Kisu kikipita kwenye ganda chafu huusukuma uchafu ndani ya tunda. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi au samaki visitumiwe hapa hadi vioshwe kwa sabuni na maji moto.

Menya maembe na ndizi, ukatekate, usage kwenye blenda pamoja na yale maji ya sukari. Asiye na blenda aponde kwa mwiko kisha achuje. Kamua ndimu, ongeza pasheni (ukipenda chuja mbegu), koroga.

Mimina rojo lako kwenye bakuli pana lenye kifuniko, uliweke kwenye friza. Baada ya saa moja kingo zitakuwa zimeanza kuganda. Toa, kwaruza kwa uma uliooshwa, changanya kingo na katikati, urudishe. Fanya hivyo kila baada ya nusu saa, mara tatu au nne. Ukiacha bila kukoroga, chembe za barafu huungana zikawa kubwa na utapata jiwe. Ukizivunja mara kwa mara hubaki ndogo na laini. Ndizi nayo husaidia kuleta ulaini huo.

Wanaopenda barafu ya kulamba wamimine rojo kwenye vikombe vidogo na kuchomeka kijiti safi. Ile mifuko ya nailoni tuliyoizoea zamani ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Sukari isizidi

Ulimi uliopoa hauonji utamu vizuri. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huongeza sukari hadi ikapita kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2015 unashauri kwamba ni bora mtu mzima asizidishe takriban vijiko sita vya chai vya sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Kwa kipimo chetu, kila mlaji hupata kijiko kimoja tu. Embe likiwa limeiva sawasawa unaweza kuacha sukari kabisa. Mwenye kisukari akumbuke kwamba tunda lenyewe lina sukari, hivyo ale kidogo na afuate ushauri wa daktari wake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekewe asali badala ya sukari, kwani inaweza kuwa na viini hatari kwake.

Usiye na friji

Nunua barafu ya mabonge, uivunje ndani ya beseni na kuinyunyizia chumvi nyingi. Chumvi huifanya baridi ishuke chini zaidi. Weka sufuria ndogo yenye rojo katikati, funika, uwe ukikoroga. Lakini angalia: barafu hiyo ya nje, hasa ya kuhifadhia samaki, si ya kuliwa. Tone lake lisiingie kwenye sufuria.

Stima ikipotea

Friza iliyojaa huweza kudumisha baridi kwa muda wa siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja, mradi mlango haufunguliwi. Barafu yako ikiyeyuka na kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, imwage. Katika joto kali la Mombasa usingoje hata hizo mbili. Saa moja inatosha. Usiigandishe tena, kwani kama kulikuwa na viini vilivyolala, sasa vimeamka na kuzaana.

Mtoto akianza kuhara

Anza mara moja kumpa maji ya ORS, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uyakoroge kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona macho yamedidimia, hakojoi, kinyesi kina damu, au anahara maji matupu kama ya kuoshea mchele, usingoje kesho. Mkimbize kwenye kituo cha afya huku ukiendelea kumpa maji hayo njiani.

Msomaji, barafu yetu haigharimu zaidi ya maembe matatu na sufuria ya maji yaliyochemshwa. Jumamosi hii waite watoto jikoni wakusaidie kukoroga. Wakijifunza mapema kwamba usafi huanzia kwenye sufuria wala si kwenye friji, wataulinda pia wakiwa mbali na macho yako.