Ukaazi na Ulezi wa Wasanii wa Maigizo na Ngoma: Mwongozo kwa Magara na Mwambao wa Rumonge

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni vijana wa Magara na mwambao wa Rumonge wanaoigiza na kucheza ngoma. Wa pili ni wasanii wakongwe wanaoombwa kuwalea. Wa tatu ni wenyeji: wakuu wa vilima, wenye nyumba, wazazi na walimu watakaowapokea. Ni vizuri kila mmoja asome na sehemu ya mwenzake, kwani ugomvi mwingi huzuka pale upande mmoja unapodhani mwingine alishaelewa.

1. Ukaazi ni nini, na si nini

Vikundi vingi vya mwambao vimezoea kazi ya kukodiwa. Mteja anapiga simu katikati ya wiki, Jumamosi mnacheza harusini au kwenye hoteli ya ufukweni, mnalipwa, mnarudi nyumbani. Ni kazi halali na inalisha familia, ila haina nafasi ya kujaribu jipya. Aliyelipa anataka kile alichokiona mara ya mwisho.

Ukaazi ni kitu kingine. Msanii anapewa wiki kadhaa, mahali pa kulala, chakula, uwanja wa mazoezi na posho, ili atunge kazi mpya au aifumue ya zamani na kuisuka upya. Mwishoni anawaonyesha watu alipofikia, hata kama kazi haijakamilika.

Ulezi huenda sambamba na ukaazi. Mlezi ni msanii mwenye uzoefu anayefuatana na mwanagenzi kwa muda wote huo na, ikiwezekana, kwa miezi kadhaa baadaye. Anauliza, anakosoa, anamjulisha kwa watu wa fani. Hatungi kwa niaba yake.

2. Waliotutangulia

*Kisangani, Kongo.* Mcheza dansi na mtunzi Faustin Linyekula alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, na tangu 2006 makao yake yako Kisangani. Hakusubiri wasanii wa Kisangani wahamie mji mkuu au Ulaya. Aliwapelekea mafunzo, nafasi ya mazoezi na msaada wa kutengeneza kazi zao hukohuko waliko.

*Manda, Lamu.* Taasisi ya Sundance ya Marekani iliwahi kuwakusanya waandishi wa tamthilia wa Afrika Mashariki katika kisiwa cha Manda, mmoja wa mikutano hiyo ukiwa wa 2010. Mwandishi alifanya kazi na waigizaji na washauri, akausikia mswada wake ukisomwa kwa sauti, akarudi mezani kuandika upya. Hapakuwa na shinikizo la kufungua onyesho.

*Malya, Mwanza.* Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa na wanakijiji. Walianza kwa kuuliza na kusikiliza, wakajadili matatizo pamoja na wenyeji, kisha ndipo ngoma na maigizo yakatungwa. Baada ya onyesho mjadala uliendelea.

*Kamĩrĩĩthũ, Limuru.* Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa *Ngaahika Ndeenda* pamoja na wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanyika hadharani, na aliyeona mhusika anasema lisilosemwa na watu wa rika lake alisahihisha papo hapo. Novemba mwaka huohuo serikali ikakifuta kibali cha maonyesho. Hapa kuna mafunzo mawili: wenyeji ni wahariri wazuri, na suala la kibali si la kupuuzwa.

*Burundi yenyewe.* Tangu 1997 mchezo wa redio *Umubanyi niwe muryango*, kazi ya mwandishi Marie-Louise Sibazuri kwa Studio Ijambo, ulizoeza nchi nzima kufuatilia maisha ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Jijini Bujumbura tamasha la Buja Sans Tabou, lililoanzishwa 2014, limewapa jukwaa waigizaji wa kizazi kipya. Kwa hiyo kijana wa Magara anaweza kumpata mlezi bila kuvuka mpaka.

3. Kupanga ratiba kwa kalenda ya mwambao

Ratiba iliyopangwa ofisini mjini mara nyingi hugonga mwamba huku. Zingatieni haya:

- Mwezi. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Hizo ndizo siku za maonyesho ya jioni: wanaume na vijana wako nyumbani, na mwanga wa mwezi unapunguza mafuta ya jenereta. Giza likirudi, mwanagenzi ambaye pia ni mvuvi hawezi kufanya mazoezi alfajiri; mpangieni alasiri, baada ya kulala.
- Mvua na barabara. Magara iko kwenye barabara ya taifa nambari 3, kati ya Bujumbura na Rumonge, milima upande mmoja na ziwa upande mwingine. Machi 2015 maporomoko ya udongo yalileta maafa Gitaza, kwenye barabara hiihii. Katika miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda na kufika majumbani. Mlezi anayetoka Bujumbura anaweza kukwama, kwa hiyo wekeni siku za akiba, au mfanye ukaazi kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi.
- Uwanja. Mchanga wa ufukweni unapendeza machoni, lakini unameza nguvu ya mruko na kuchosha kano za miguu. Ngoma za kuruka zifanyiwe kwenye udongo ulioshindiliwa. Sakafu ya saruji nayo ni ngumu kwa magoti. Tandikeni mikeka na mfupishe muda wa kuruka.

4. Mlezi anafanyaje kazi

Tuchukue mfano. Mwanagenzi anataka kutunga ngoma inayotokana na kazi ya kuvuta mtumbwi pwani. Siku ya kwanza analeta miondoko ya kuigiza: mikono inavuta kamba ambayo haipo, uso umekunjwa. Mlezi asimwambie "si hivyo", wala asimwonyeshe yake. Ampeleke asubuhi mitumbwi inaporudi, naye ashike kamba na kuvuta pamoja na wavuvi. Kisha amuulize: uzito uliusikia wapi, mikononi au visiginoni? Nani alitoa sauti, na wengine waliitikia kabla ya kuvuta au wakati wa kuvuta? Mtumbwi ulipokwama, miili ilifanya nini?

Wakirudi uwanjani, mwanagenzi ataona kwamba mikono haikufanya kazi kubwa. Kazi ilikuwa ya miguu iliyochimba mchanga na ya migongo iliyolala nyuma kwa pamoja. Ngoma itaanzia hapo, na itakuwa yake.

Kwa waigizaji, njia ni hiyohiyo. Badala ya kuandika hotuba kuhusu mafuriko, mwanagenzi akamsikilize mama aliyehamisha vyombo vyake maji yalipoingia, aulize alitoa nini kwanza na aliacha nini. Jibu moja la namna hiyo lina mchezo mzima ndani yake. Lakini asitumie jina lake wala kisa chake chote bila ridhaa yake.

Mlezi mwema hutenga muda wa kuzungumza na kila mwanagenzi peke yake angalau mara moja kwa wiki. Hapo ndipo mwenye haya hupata kusema.

5. Makubaliano kabla ya siku ya kwanza

Yaandikwe kwa lugha ambayo wote wanaisoma, Kirundi au Kiswahili, na kila upande ubaki na nakala. Yataje:

1. Tarehe za kuanza na kumaliza, na siku za mapumziko.
2. Posho ni faranga ngapi, inalipwa lini, na kwa njia gani: mkononi, benki au Lumicash.
3. Nani analipia chakula, malazi, nauli na matibabu mtu akiumia mazoezini.
4. Kazi ni ya nani. Kwa kawaida ni ya mwanagenzi. Mlezi na waandaaji hutajwa kwa mchango wao. Kama kikundi kizima kimetunga, majina yote yaandikwe.
5. Picha na video zitatumika wapi, na nani anaweza kuzikataa.
6. Malalamiko yanapelekwa kwa nani. Mtu huyo asiwe mlezi.

6. Vibali

Wajulisheni mapema mkuu wa kilima na viongozi wa tarafa, mkieleza mada, mahali na saa.

Ngoma za kifalme zina utaratibu wake. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kama urithi wa utamaduni wa binadamu wote. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 ikaelekeza kuwa wanawake hawazipigi, na kwamba kikundi kinachotaka kuzionyesha nje ya sherehe rasmi kipate idhini ya wizara ya utamaduni. Kama kazi yenu inazihusisha, ulizeni kwanza, tungeni baadaye.

7. Usalama wa wasichana na watoto

Wazazi wengi huwazuia mabinti zao kwa sababu mazoezi huisha usiku na hakuna anayejua nani anawarudisha. Hofu hiyo ijibiwe kwa vitendo. Mazoezi ya vijana wa shule yaishe kabla ya jua kuzama. Malazi ya wanawake na wanaume yatengwe. Awepo mama mmoja anayeaminika kijijini, anayeweza kuingia mazoezini wakati wowote. Mlezi asikae faragha chumbani na mwanagenzi. Mazungumzo ya wawili yafanyike mahali wanapoonekana. Mtoto chini ya miaka 18 asiingie bila idhini ya mzazi iliyoandikwa.

8. Wenyeji wanatoa nini, wanapata nini

Wanatoa nyumba, uwanja, hadithi na subira ya kuvumilia kelele. Wana haki ya kupata malipo ya haki kwa chumba na chakula, kazi kwa mafundi cherehani na maseremala wa kijiji, na kuwa watazamaji wa kwanza, bila kiingilio, kabla kazi haijapelekwa Bujumbura. Baada ya onyesho wapewe nafasi ya kusema lililowafurahisha na lililowakera. Mwanagenzi ayaandike bila kujitetea.

9. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Sina cheti cha shule. Naweza kuomba?* Ndiyo. Onyesha kazi: dakika tano za video ya simu zinatosha.

*Je, nikishindwa kumaliza?* Onyesha ulichonacho na ueleze kilipokukwamia. Ukaazi huruhusu hilo.

*Je, mlezi akiichukua kazi yangu?* Ndiyo maana ya kipengele cha nne cha makubaliano. Weka tarehe kwenye daftari na video za mazoezi tangu siku ya kwanza.

*Kikundi chetu ni cha dini au cha kwaya. Tunakubalika?* Ndiyo, mradi mko tayari kujaribu jambo jipya na kufanya kazi na wasio wa kundi lenu.

10. Kabla hujaomba

- Andika kwa sentensi tatu unataka kutunga nini na kwa nini sasa.
- Taja watu wawili wanaoijua kazi yako.
- Hesabu siku ambazo uvuvi, shamba la michikichi au masomo yatakuhitaji, uziseme wazi.
- Zungumza na nyumbani. Mwenza au mzazi asiyejua unakokwenda atakuita katikati ya wiki ya pili.
- Soma makubaliano mpaka mwisho, uliza kila usichokielewa, ndipo utie sahihi.