Mababu Wasiopata Kuisikia Injili

Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, wazee wetu wengi wa Bugufi, Bushubi na Rusubi walikuwa wamekwisha kulala kaburini. Je, ni haki wapotee kwa ajili ya Jina wasilolisikia? Swali hili si la ukaidi, ni la huzuni. Wahangaza walimtaja Imana kabla ya kuja mwalimu, na Neno lilipokuja jina hilo halikutupwa. Tena Paulo, katika Warumi 2, anena habari za mataifa wasio na torati, ambao dhamiri zao zawashuhudia. Hatusemi kwamba matendo yaliwaokoa; aokokaye huokoka kwa Kristo tu. Basi katekista aulizwapo na mfiwa asimhukumu marehemu, wala asiahidi asichoagizwa. Amsomee Mwanzo 18, jinsi Ibrahimu alivyomwuliza Mungu habari ya haki yake, wala hakukemewa.