Saa ya Presha na Mkanda wa Zahanati

Leo tutajifunza juu ya saa za mkononi zinazopima presha bila mkanda.

Siku moja mzee mmoja alifika katika zahanati yetu, hapa mkoani Tabora. Alivaa saa nyeusi aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam. Mzee huyu hutumia dawa za presha, lakini kwa miezi miwili hakuja kuzichukua.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia kuwa nimepona. Saa inasema presha yangu ni 124 kwa 78. Dawa nimeacha."

Nilimwomba akae kimya kwa dakika tano. Kisha nikamfunga mkanda. Kipimo kilionyesha 182 kwa 110. Nikarudia. Kikaonyesha 180 kwa 108. Mzee alikuwa katika hatari ya kupooza, na hakusikia maumivu yoyote!

Presha ni nini?

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unapiga. Namba ya chini ni nguvu wakati moyo unapumzika. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali, na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, ana presha ya kupanda. Ugonjwa huu huharibu moyo, ubongo na figo. Mara nyingi hauna dalili. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa nao.

Mkanda hupimaje?

Mkanda hujazwa upepo mpaka ubane mshipa na kuzuia damu. Upepo ukipunguzwa pole pole, damu huanza kupita tena. Hapo ndipo nguvu yake hujulikana. Kipimo cha namna hii kilitolewa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, alieleza namna ya kusikiliza mlio wa mshipa wakati wa kupima.

Saa hupimaje?

Saa nyingi za aina hii zina taa ndogo kwa chini. Mwanga wake huingia katika ngozi. Saa huangalia jinsi mwanga unavyorudi damu inapopita, kisha hukisia presha. Haibani mshipa.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo katika njia ya misafara, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kupitia Tabora. Ukitaka kujua uzito wa mzigo wa mpagazi, uweke kwenye mizani. Au simama kando ya njia, utazame mwendo wake, ukisie. Ukiwa umeupima mzigo wake kwanza, utakisia vizuri zaidi. Lakini je, akiumwa mguu? Akipanda kilima? Mwendo utabadilika, nawe utakosea.

Mkanda ni mizani. Saa ni mtu aliyesimama kando ya njia. Ndiyo maana kampuni ya Samsung huagiza saa yake ya presha ilinganishwe na mkanda kila baada ya siku 28. Saa ya mzee wetu haikulinganishwa hata mara moja.

Je, saa hizi hazifai kabisa? Hapana. Presha hubadilika mchana na usiku, na zahanati huipima kwa dakika chache tu. Chombo kinachopima hata mtu akiwa usingizini kitasaidia sana kikiwa cha kuaminika. Lakini mwaka 2022 wataalamu wa presha wa Ulaya walishauri kwamba vipimo visivyo na mkanda visitumike bado kutambua ugonjwa wala kuamua dawa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji:

1. Pima presha kwa mkanda, hata kama huumwi.
2. Kabla ya kupimwa, pumzika dakika tano. Usivute sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa.
3. Keti wima, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Usizungumze.
4. Ukiwa na saa, nenda nayo zahanati ilinganishwe na mkanda.
5. Usiache dawa kwa sababu ya saa. Namba nzuri huenda ni kazi ya dawa hizo hizo.
6. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Mzee wetu alianza dawa tena. Sasa presha yake imeshuka, kwa kipimo cha mkanda. Saa bado anaivaa. Humkumbusha wakati wa kumeza dawa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtu mwenye presha anaweza kujiona mzima?
2. Mkanda na saa vinatofautianaje?
3. Nani nyumbani kwako hajapimwa presha? Mtakwenda lini?